Nguvu ya udongo ni kutawanyika kwake

PLA, polima inayotokana na sukari ya mahindi au miwa, ni kakamavu lakini ukiivuta hukatika upesi. PBAT, polima nyingine inayooza kama PLA, hurefuka mara kadhaa ya urefu wake ila ni laini mno. Ukiziyeyusha pamoja hazichangamani: PBAT hubaki matone ndani ya PLA, na nyufa huanzia mipakani mwa matone hayo.

Udongo unaotumika kurekebisha kasoro hiyo ni montimorilonaiti. Bamba lake moja lina unene wa nanomita 1 hivi, na upana unaoweza kuzidi unene huo mara mia. Mabamba yamerundikana, na kati yake zimo ioni za sodiamu zinazovuta maji badala ya polima. Kwa hiyo sodiamu huondolewa kwanza, na nafasi yake kuchukuliwa na ioni za amoniamu zenye mikia mirefu ya kaboni. Nafasi hutanuka, minyororo ya polima ikapata pa kupenya. Watafiti wa Toyota, Japani, walionyesha uwezo wa njia hii kwenye nailoni tangu miaka ya 1980: udongo usiofika asilimia 5 ya uzito uliongeza ukakamavu karibu maradufu.

Kazi ngumu iko kwenye mashine ya skrubu mbili inayoyeyusha na kuchanganya. Punje za polima hukaushwa kabisa kabla ya kuyeyushwa, kwani unyevu hukata minyororo ya PLA. Mpangilio wa kuchanganya nao una uzito: polima inayokutana na udongo kwanza huweza kuamua mabamba yatatua wapi. Yakitua mpakani, huzuia matone kuungana, nayo hubaki madogo. Udongo ukizidi, hufanya mabonge, na bonge ni chanzo cha ufa.

Eksirei hupima nafasi kati ya mabamba: kilele cha grafu yake kikisogea kwenye pembe ndogo, nafasi imetanuka. Kilele kikipotea, tusishangilie bado. Huenda udongo ni kidogo tu au umevurugika. Hadubini ya elektroni ndiyo inayothibitisha.

Ndiyo maana ripoti inayotaja asilimia ya udongo peke yake hainiridhishi. Ituonyeshe mabamba yako wapi, kisha ipime uozaji upya. PLA huoza vizuri kwenye mboji ya viwandani yenye joto la nyuzi 58 hivi. Kwenye ardhi baridi hukawia sana. Mfuko wa plastiki hii ulioimarishwa kwa udongo unapaswa kufaulu mitihani yote miwili, wa kubeba na wa kuoza.