Sakafu ya Mninga: Ikwangue, Usiifukie kwa Vigae

Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Ndundu mwaka 2003, magari yalivuka Rufiji kwa pantoni, na masika yakikolea barabara ya kusini ilikuwa haipitiki. Daraja lilipokamilika, magogo ya mninga, mkongo na mpangapanga yakamiminika kuelekea Dar es Salaam. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 iliueleza uvunaji huo kwa kina. Mninga huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Kwa hiyo mwenye nyumba ya zamani iliyotandikwa mbao hizo amekalia mali, hata kama imefifia na kuchubuka. Na kuirudisha anaweza mwenyewe.

Nguvu ya kazi hii iko kwenye mti wenyewe. Mninga husinyaa kidogo sana unapokauka na haupindi ovyo. Mara nyingi kilichochakaa ni vanishi na ngozi nyembamba ya juu. Chini yake mbao ni nzima.

Anza na misumari. Kila kichwa kizamishe chini ya uso wa mbao kwa nyundo na chuma butu, maana kimoja kikibaki kitachana msasa. Kisha ingiza mashine: msasa namba 40 wa kutoa vanishi, 80 wa kufuta mikwaruzo ya 40, halafu 120 wa kulainisha. Usiruke namba. Mikwaruzo ya 40 haiondoki kwa 120, na vanishi ikishang'aa ndipo itakapoonekana yote. Fuata nyuzi za mbao muda wote. Vumbi la namba 80 likande kwa gundi ya mbao, uzibe nyufa kabla ya msasa wa mwisho, rangi itaoana. Vaa barakoa, kwani vumbi la mninga huwasha pua na kubana kifua.

Ukanda wa Kibiti na delta ya Rufiji una unyevu mwingi, na vanishi ya masika hukawia kukauka. Subiri kiangazi cha Juni hadi Septemba. Paka mikono mitatu myepesi, kila mmoja ukauke kabisa na kupitishiwa msasa 220 kabla ya unaofuata.

Basi kabla hujamwita fundi wa vigae, kwangua kona moja ya chumba, ipanguse kwa kitambaa kibichi, uitazame rangi yake. Ndipo uamue.