Kava Jembamba kwa Simu Ndogo: Tazama Pembe, Uache Mgongo

Anayetafuta iPhone 13 mini leo hii hafuati kasi wala kamera. Anafuata upana. Simu hiyo ina milimita 64.2 kutoka ubavu hadi ubavu, urefu wa milimita 131.5, unene wa 7.65 na uzito wa gramu 141. Apple iliitoa Septemba 2021 na kuacha kuiuza Septemba 2023, kwa hiyo nyingi zilizobaki madukani zimeshapita mikononi mwa watu wengine. Bado zinapata wateja, kwa sababu kidole gumba kinafika kona ya juu ya kioo bila kuuomba msaada mkono wa pili.

Sasa ivalishe kava. Ukuta wa milimita 1.5 kila upande unaipeleka kwenye upana wa 67.2. iPhone SE ya 2020, ikiwa tupu, ina 67.3. Kuta zikifika milimita 3.5, kama zilivyo kwenye makava ya mpira mnene, unapata 71.2, na iPhone 13 ya kawaida ina 71.5. Kava la namna hiyo likiwa na gramu 30, uzito nao unafika 171, wakati kaka mtu ana 174. Umelipia simu ndogo, ukaivalisha mpaka ikawa kubwa, na kioo kimebaki kilekile cha inchi 5.4.

Ndiyo maana nashangaa matangazo ya makava membamba yanavyojisifu kwa unene wa mgongo. Mgongo ukiongezeka nusu milimita, mkono hauna habari. Milimita ghali ziko ubavuni, na huko ndiko kava zuri linapaswa kubana matumizi, isipokuwa sehemu nne: pembe.

Hesabu ya kwa nini pembe zinahitaji unene si ngumu. Simu ikiponyoka kutoka urefu wa mita moja inagonga sakafu kwa kasi ya mita 4.4 kwa sekunde, karibu kilomita 16 kwa saa. Madhara yanategemea imepewa nafasi kiasi gani ya kusimama. Kava likibonyea milimita moja, nguvu ya wastani inakuwa kama mara 1,000 ya uzito wa simu, sawa na kuitwisha pembe mzigo wa kilo 141. Likibonyea milimita 2, mzigo unashuka hadi kilo 70 hivi. Gamba la polipropilini la milimita 0.35, hata likibonyea lote likaisha, linaacha mzigo wa kilo 400. Haya ni makadirio ya kalamu na karatasi, maana fremu ya aluminiamu nayo hukubali kidogo na sakafu hazifanani, lakini yanatosha kuonyesha kwamba magamba hayo yanayouzwa kwa sifa ya kutoonekana hayana la kufanya siku ya kuanguka. Yanazuia mikwaruzo. Basi.

Nyuzi za aramidi nazo zinahitaji neno. Ni jamii ya Kevlar, aliyoigundua Stephanie Kwolek katika kampuni ya DuPont mwaka 1965, na wauzaji hawakosi kutaja fulana za kuzuia risasi. Fulana ile ina tabaka nyingi, na kazi yake ni kukataa kukatika nyuzi zinapovutwa. Pembe ya simu inataka kitu kinachobonyea, na kava la aramidi lisilofika milimita moja ni gumu kama kadi ya benki. Ni zuri kulishika, na bei yake ni ya uzuri huo.

Ikabaki ile plastiki laini tunayoiita jeli, kwa jina la kiwandani TPU. Haisifiwi sana kwa sababu ipo kila kibanda, ila ndiyo inayobonyea na kurudi. Ukilishika kava la TPU lililotengenezwa kwa akili, ligeuze utazame ndani ya pembe. Utaona ukuta umenenepa hapo tu, na mara nyingi kuna uwazi mdogo wa hewa kati ya tabaka la ndani na la nje. Bonyeza kwa ukucha: tabaka la nje linaingia, kisha linajirudisha. Uwazi huo una maana, kwa sababu plastiki iliyojaa ya milimita 1.5 haiwezi kubonyea milimita 1.5 yote, ila yenye chumba cha hewa inaweza kukaribia. Na hapa udogo wa simu unalipa. Gramu 141 zinakuja na nishati isiyofika asilimia 60 ya ile ya iPhone 13 Pro Max yenye gramu 240, kwa hiyo pembe ya wastani inaitosha simu hii pale ambapo lile jitu lingehitaji zaidi.

Kwenye kava linaloonyesha ndani tazama pia upande wa ndani wa mgongo. Vidoti vidogo vilivyosambaa mule vinazuia plastiki isigandamane na kioo na kuacha mabaka yanayofanana na maji. Rangi haina dawa: jua, joto na mafuta ya ngozi huifanya TPU kuwa ya njano, na viwanda vingine huitia ubuluu kidogo ili kuchelewesha kuonekana kwake.

Kitu cha pili kwa uzito ni ukingo wa mbele. Chukua laini ya zamani ya ukubwa wa nano, ambayo unene wake ni milimita 0.67, iweke kwenye kaunta, kisha laza simu kifudifudi juu yake ikiwa na kava. Ikitulia, ukingo umevuka kipimo hicho. Ikiyumba, ujue haujafika, na ukibandika protekta ya kioo ya milimita 0.33 utabaki na kinga ya jina tu. Jaribu hivyohivyo upande wa kamera, maana lenzi zimejitokeza na hazipaswi kugusa meza.

Halafu vitufe. Vya sauti na cha kuwashia vinapaswa kulia "tiki" chini ya plastiki bila kukaza kidole. Ile swichi ya kuzima mlio ni fupi. Ukuta ukiwa mnene, tundu lake linakuwa kisima na utaishia kutafuta njiti. Kava lililoacha upande wote wa chini wazi nalikataa moja kwa moja, kwa sababu limeziacha pembe mbili tupu.

"Hili la jeshi, bosi," utaambiwa madukani Kariakoo, na kwenye boksi kweli pameandikwa MIL-STD-810. Huo ni mwongozo wa majaribio wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Jaribio lake la kudondosha, katika toleo la G, linataka mara 26 kutoka sentimita 122, yaani kila uso, kila ukingo na kila pembe, juu ya plaiwudi ya sentimita 5 iliyolazwa juu ya zege. Mara hizo 26 zinaruhusiwa kugawanywa kwa vifaa hadi vitano. Wala hakuna ofisi ya jeshi inayogonga muhuri. Mtengenezaji hujipima au hulipa maabara. Taili za sebuleni si plaiwudi.

Kama unachaji bila waya kwa MagSafe, chaja ya Apple inayoshika kwa sumaku, kava lisilo na duara la sumaku litaifanya chaja ishike kwa unyonge. Kwa anayetumia waya hilo si hoja.

Hukumu yangu: kwa 13 mini nunua TPU yenye ukuta wa kati ya milimita 1 na 1.5, pembe zilizonenepa na ukingo uliofaulu jaribio la laini. Magamba ya milimita 0.35 yaachie wasioangusha simu. Kabla ya kulipa, hakikisha tundu la kamera limekatwa kwa ajili ya lenzi mbili zilizokaa mshazari, kwa kuwa 12 mini ina urefu na upana uleule lakini lenzi zake zimepangwa wima, na kava lake halitaingia.