Steringi, Jagina na Tamati: Juu ya Sehemu ya Mwisho ya Tamthilia ya Loki

Mwishoni mwa mwaka 2023 tulikuwa Chake Chake, kisiwani Pemba, kwa kazi ya kukusanya maneno ya ufumaji na usukaji. Jioni moja tulikaribishwa katika nyumba moja ya mtaa wa Machomane kutazama sehemu ya mwisho ya msimu wa pili wa tamthilia ya Marekani iitwayo Loki. Hatuna sababu ya kuficha kwamba sisi ni wapenzi wa tamthilia hii tangu msimu wake wa kwanza wa mwaka 2021, na kwamba mwaliko ule tuliupokea kwa furaha kubwa kuliko ilivyopasa mtu aliye kazini. Vijana wa nyumba walikuwa wamepata mkanda uliokwisha kutiwa sauti ya mtafsiri wa Kiswahili. Bibi yao alikaa pembeni akisuka ukili, akitazama kwa jicho moja.

Yaliyotokea jioni ile yametushawishi kuandika makala haya. Tulishuhudia jinsi neno moja lisilofaa lilivyoweza kuwapotosha watazamaji werevu juu ya maana ya hadithi nzima, na jinsi neno jingine, lililotoka katika kazi ya mikono, lilivyowarejesha.

Kwa faida ya wasomaji wasioijua tamthilia yenyewe, yafaa tueleze kwa ufupi. Loki ni mhusika wa masimulizi ya kale ya watu wa Ulaya ya Kaskazini, yaliyoandikwa Iceland katika karne ya 13. Kampuni ya Marvel ilimchukua katika vitabu vyake vya picha, kisha katika filamu. Katika filamu za mwaka 2011 na 2012 alikuwa adui: mtu wa hila, mwenye wivu kwa nduguye, anayetafuta kiti cha enzi popote atakapokipata. Tamthilia inamchukua adui huyo, akiigizwa na Tom Hiddleston, na kumtia mikononi mwa Mamlaka inayosimamia wakati wa ulimwengu wote. Maofisa wa Mamlaka hiyo hujaza fomu, hupiga mihuri na kutunza majalada. Mtumishi yeyote wa serikali ataielewa bila ya kufasiriwa.

Kazi ya Mamlaka ni kuhakikisha kwamba wakati unakwenda kwa njia moja tu, na kila tawi linalochipuka hukatwa. Mwisho wa msimu wa kwanza, mwanamke aitwaye Sylvie anamuua bwana aliyeutunga utaratibu huo, yule aitwaye Aliyebaki, na matawi yakaanza kumea bila ya kizuizi. Katika msimu wa pili tunajua kwamba upo mtambo unaofuma wakati, na kwamba mtambo huo umezidiwa. Sehemu ya mwisho, iliyoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 9 Novemba 2023, inamwonyesha Loki akirudi nyuma mara nyingi ili auokoe mtambo. Anatumia karne nzima na zaidi kujifunza ufundi wake. Hatimaye anatambua kwamba mtambo hauwezi kuokolewa, kwa sababu uliundwa ili ukizidiwa uyafute matawi yote na kuubakisha wakati mmoja tu. Anaambiwa achague: ama amuue Sylvie ili utaratibu wa zamani udumu, ama aache kila kitu kiangamie. Loki anakataa yote mawili. Anauvunja mtambo, anazikusanya kwa mikono nyuzi za wakati zilizokuwa zikifa, anazitia uhai, kisha anapanda na kuketi katikati yake peke yake. Nyuzi zinajipanga kama mti mkubwa, na picha inaishia hapo.

Sasa turudi Machomane. Dakika hizo za mwisho zina maneno machache sana, lakini mtafsiri hakunyamaza. Alipomwona Loki amevaa taji na kuketi, alisema kwa sauti ya ushindi kwamba steringi sasa amepata ufalme wake aliokuwa akiutafuta siku zote. Vijana walishangilia. Kisha mmoja wao akatazama tena uso wa mwigizaji, ambao haukuwa uso wa mtu aliyepata alichokitaka, akauliza, “Sasa steringi kashinda au kafungwa?”

Swali hilo ni zuri kuliko tafsiri aliyoisikia. Kitenzi *fungwa* kina maana ya kutiwa kifungoni na maana ya kushindwa katika mchezo, na kijana alizitumia zote mbili kwa pamoja. Hakuna aliyemjibu mpaka bibi alipoinua macho kutoka katika ukili wake. “Kitanda kimevunjika,” alisema, “basi kazishika chane kwa mikono yake. Akiziachia, kazi yote inafumuka.”

Yeye hakuzijua filamu za nyuma, wala jina la Loki halikumkaa ulimini. Lakini alijua kitanda cha mfumi ni nini, na alijua kwamba msukaji akiziachia chane kabla ya kufika mwisho, ukili hulegea na kazi ya asubuhi nzima hupotea. Mtafsiri alikuwa ameuita mtambo ule *mashine ya wakati*. Vijana, ambao wameona mashine nyingi za wakati katika filamu, walidhani ni chombo cha kusafiria. Laiti angeuita kitanda cha mfumi, jina ambalo lugha yetu inalo tangu zamani pamoja na *mtande* na *mshindio*, wangeelewa mara moja kwamba kinachovunjika ni chombo cha kufumia, na kwamba atakayekaa mahali pake hawezi kuinuka.

Hapa ndipo ilipo maana ya tamati hii. Loki anapata kiti cha enzi siku asiyokitaka tena. Alichokitafuta katika filamu za mwaka 2011 na 2012 kwa ajili ya nafsi yake, mwaka 2023 anakipata kwa ajili ya wenziwe, na bei yake ni kukaa mbali nao. Kusema kwamba amepata ufalme ni kumrudisha pale alipoanzia na kuifuta safari yake yote. Jina la sehemu hii, “Glorious Purpose”, ndilo lile lile la sehemu ya kwanza ya msimu wa kwanza. Tungelifasiri *azma tukufu*. Mwanzoni azma hiyo ilikuwa majivuno. Mwishoni imekuwa mzigo. Mtafsiri anayetumia maneno yale yale ya ushindi mwanzo na mwisho humnyima mtazamaji nafasi ya kuiona tofauti hiyo.

Tukio hili limetusaidia pia kutenganisha istilahi mbili ambazo zimekuwa zikichanganywa. Neno *steringi* limetumika kwa miaka mingi katika kumbi za sinema na vibanda vya video, na watazamaji wana kanuni yao kwamba steringi hafi. Wapo wanaolidharau kwa kuwa ni la mitaani. Sisi tunaona kwamba linafanya kazi ambayo *shujaa* haliwezi. Steringi ni yule ambaye hadithi inamfuata, awe mwema au mwovu. Loki ni steringi wa tamthilia hii tangu dakika ya kwanza, wakati bado ni mwongo na msaliti. Kumwita shujaa wakati huo ni kumpa sifa ambayo hajaistahiki.

Vipi basi tumwite mhusika mwenye uwezo upitao wa binadamu, anayeutumia uwezo huo kwa ajili ya watu? Magazeti hutumia maelezo marefu, *shujaa mwenye nguvu za ajabu*, ambayo hayafai kuwa istilahi. Wengine wamejaribu *shujaa mkuu*, lakini neno *mkuu* katika ofisi zetu ni la cheo, na *shujaa mkuu* huleta picha ya mtu mwenye karani na gari la serikali. Tunapendekeza neno *jagina*, ambalo maana yake ni mtu jasiri, na ambalo halina kazi nyingi siku hizi, lipewe maana hii mahsusi. Kwa hiyo tutaweza kusema kwa ufupi na usahihi: Loki ni steringi katika sehemu zote 12 za misimu miwili, lakini ni jagina katika dakika za mwisho tu.

Wala tusidhani kwamba majagina ni wageni katika pwani yetu. Fumo Liyongo, ambaye utenzi wake ulitungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, alikuwa na nguvu zisizokuwa na mfano na mahali pamoja tu pa kumdhuru, yaani kitovuni, kwa chuma cha shaba. Mwanawe alipomchoma, Liyongo alikwenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale katika upinde, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji hawakuthubutu kuteka maji kwa siku kadhaa, wakimdhani yu hai. Jagina wetu na jagina wa Marvel wote wawili wanamalizikia katika mkao mmoja usiobadilika, na uzito wa hadithi unakuwa katika mkao huo. Lakini mkao wa Liyongo uliwazuia watu wake wasipate maji, na mkao wa Loki unawapa wenziwe nafasi ya kuishi. Mwalimu wa fasihi anayetaka kuwavuta vijana waliozoea tamthilia za kigeni waje katika tenzi anayo hapa njia iliyo wazi.

Kuhusu *msimu*, hatuoni haja ya *sizoni*, ambayo vijana wanaitumia hata kwa maana ya tamthilia nzima. Mpemba hahitaji kufundishwa msimu ni nini. Karafuu zina msimu wake, una mwanzo na mwisho, na msimu mmoja huweza kuzaa sana na unaofuata usizae. Neno hilo lilitokana na Kiarabu, na ndilo lililoingia pia katika lugha za Ulaya kwa maana ya pepo za musimu. Tamthilia ni mti, misimu ni mavuno yake. Kwa sehemu inayofunga msimu tunapendekeza *tamati*, ambayo watunzi na wanakili wa pwani waliiandika mwishoni mwa kazi zao. *Mwisho* ni pale jambo linapokoma. *Tamati* ni pale linapotimia. Msimu wa kwanza wa Loki ulikuwa na mwisho, kwa kuwa ulikatika katikati ya hofu. Msimu wa pili una tamati.

Hatusemi kwamba kazi hii haina dosari. Marudio ya Loki kurudi nyuma yanachosha kabla ya kufika penye faida. Maelezo ya kitaalamu juu ya kitanda cha mfumi yanatolewa kwa haraka kiasi kwamba hata mtazamaji makini hayashiki. Sylvie, ambaye katika msimu wa kwanza alikuwa na hoja nzito kuliko za Loki mwenyewe, hapa anabakia mtu wa kuulizwa maoni. Na asiyeziona filamu za nyuma hukosa nusu ya uchungu wa tamati. Lakini dosari hizi hazikuizuia nyumba moja ya Pemba kunyamaza kwa muda mrefu baada ya bibi kusema maneno yake.

Liko tatizo moja zaidi ambalo hatuwezi kuliruka. Katika asili yake Loki huitwa mungu. Mtafsiri wa mkanda ule, kwa kuwahurumia wasikilizaji wake Waislamu, alimwita jini. Tunaielewa nia yake, lakini jini kwa mtu wa pwani ni kiumbe anayejulikana, mwenye tabia na masharti yake, na vijana walianza kumngojea Loki afanye mambo ya majini. Ushauri wetu ni kuandika *miungu ya masimulizi* kwa herufi ndogo mara ya kwanza inapohitajika, na baada ya hapo kumtaja mhusika kwa jina lake tu.

Kwa muhtasari, tunawawekea wasomaji mapendekezo yafuatayo:

(a) *Msimu*: fungu la sehemu za tamthilia zinazotolewa kwa mfululizo mmoja.

(b) *Tamati ya msimu*: sehemu inayoutimiza msimu.

(c) *Steringi*: mhusika ambaye hadithi inamfuata, bila ya kujali wema wake.

(d) *Jagina*: mhusika mwenye uwezo upitao wa binadamu anayeutumia kwa ajili ya wengine.

(e) *Kibadala*: umbo jingine la mhusika yule yule, kama Sylvie alivyo kwa Loki. Neno hili tayari linatumika katika isimu.

(f) *Kitanda cha mfumi*: chombo cha kufumia, hata kinapokuwa cha kubuni.

Pendekezo la saba si la istilahi. Kazi ya kutafsiri picha kwa sauti, ambayo Lufufu aliipatia jina kubwa Dar es Salaam, ni kazi ya heshima, na inawafikia watu wengi ambao vitabu vyetu haviwafikii. Wanaoifanya wasiache kuifanya. Tunawaomba tu kwamba pale ambapo mwigizaji hasemi, nao wasiseme. Bibi wa Machomane aliwatangulia vijana wote kuelewa kwa sababu alikuwa akitazama mikono.

Haya ni mapendekezo, maamuzi bado. Wafasiri, walimu na watumishi wenzetu wenye maneno bora, hasa kutoka visiwani na vijijini ambako kazi za mikono bado zina msamiati wake, wanaombwa kutuletea ili yajadiliwe.