Kosa la Kuzika Kebo Zisizo na Ganda

Katika historia ya kukinga kebo za ardhini dhidi ya unyevu, ni vigumu kupata uamuzi mbaya kuliko ule wa mashirika mengi ya umeme ya Marekani, ambayo katika miaka ya 1960 na 1970 yalizika kebo za msongo wa kati zisizo na ganda la nje. Kihami chake, yaani tabaka linalozuia umeme kuvuja, kilikuwa cha polietilini, na juu yake zilizungushwa nyaya za shaba za nyutro, zinazorejesha mkondo, zikiwa wazi na zikigusana na udongo.

Waliotetea uamuzi huo waliamini kwamba plastiki hailoani na kwamba ganda ni gharama isiyo na faida. Ni kweli kwamba plastiki haifyonzi maji kama karatasi, lakini mvuke wa maji huipenya polepole, na penye nguvu ya umeme unyevu huo hukusanyika kwenye chembe za uchafu na vitundu visivyoonekana kwa macho, ukafanya mtandao wa njia nyembamba zenye umbo la matawi, ambao wahandisi huuita mti wa maji. Mti huo hukua kwa miaka mingi bila dalili, huku ukidhoofisha kihami, hadi siku volteji inapopanda ghafla, kwa mfano kutokana na radi, na kukitoboa. Shaba nayo, kwa kuwa ilikuwa wazi, ililiwa na kemikali za udongo, hata kebo zilizotarajiwa kudumu miaka 30 na zaidi zikafukuliwa mapema.

Waliotangulia hawakuwa wazembe kiasi hicho. Sebastian Ziani de Ferranti, aliyeunganisha kituo cha umeme cha Deptford na katikati ya London kwa volti 10,000 mwanzoni mwa miaka ya 1890, alitumia karatasi iliyoloweshwa nta, na kwa kuwa alijua karatasi huharibiwa na maji, aliifungia ndani ya mabomba ya metali. Sehemu ya kebo hizo ilitumika hadi 1933. Luigi Emanueli wa kampuni ya Pirelli naye aliijaza kebo mafuta yenye shinikizo, hivyo ala ya risasi iliyoizunguka ikipasuka mafuta hutoka badala ya maji kuingia.

Baada ya kebo zile za Marekani kuharibika, viwanda vilirudisha ganda, vikaboresha polietilini na kuongeza tepu zinazovimba zikiguswa na maji, na kazi hiyo ilikuwa nzuri.

Hata hivyo, kasoro ya kuchagua kebo kwa bei ya manunuzi pekee haijaondoka, wala ile ya kuacha ncha za kebo bila vifuniko stoo, mvua ikapenya katikati ya nyuzi za kipitishi, yaani sehemu inayobeba umeme, kabla mtaro haujachimbwa. Mhandisi anayeandika masharti ya zabuni hana budi kudai ganda, kizuizi cha maji na ncha zilizozibwa, kwa sababu akiba inayopatikana kwa kuviacha hulipwa maradufu wakati wa kufukua.