Baraza la Dukani

Msambweni, Kwale, hatua chache kutoka barabara ya Lunga Lunga, fundi mwashi wa makamo alikuwa akijenga baraza mbele ya duka. Hakushika ramani. Alipima kwa mkono wake: dhiraa moja kwenda juu, dhiraa mbili kasoro shubiri kwenda ndani. Kijana aliyemkorogea chokaa alitaka liinuliwe kidogo, lionekane toka barabarani. "La, mwanangu," akamjibu. "Mtu akiketi, nyayo ziguse chini. Na mtoto aliyetumwa sukari aone kilichopangwa juu."

Kipimo hicho kinatosha kwa kazi za kutwa. Alfajiri baraza ni meza: mama kaweka beseni la mahamri, na sufuria ya mbaazi za nazi iko kando. Jua likipanda vyombo huondolewa, zikaja nyanya kwa mafungu, nazi na muhogo, na kanga zikatundikwa kwenye boriti ya upenu. Adhuhuri mwenye duka akienda kuswali, bidhaa husogezwa pembeni, mkeka ukakunjuliwa, na mchuuzi aliyetoka Shimoni na samaki akajinyoosha mgongo. Alasiri huchezwa bao. Baada ya isha huletwa dele la kahawa chungu na kashata, na aliyekuja kunywa huondoka na kibiriti, au na kitambaa alichokiona kikiwa kimetundikwa. Kutwa nzima hakuna ukuta uliosogezwa. Wasanifu wa leo wanahangaikia chumba kitakachokuwa mkahawa asubuhi na duka jioni, wakakitilia rafu za magurudumu na kuta za kukunja. Waashi wa pwani walimaliza kazi hiyo kwa mawe na chokaa.

Waliiweza kwa sababu mgeni na mteja kwao walikuwa mtu mmoja. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliona vijana wakizijongelea jahazi kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Mfanyabiashara aliyekabidhiwa sahani alikuwa mgeni wa nyumba hiyo, na mwenyeji wake ndiye aliyemuuzia mali na kumnunulia. Nyumba za mawe za mwambao wetu zilijengwa kwa mwenendo huo: daka lenye mabaraza mlangoni, bei ikazungumzwa hapo kwa utulivu, na mgeni akakirimiwa bila kuivunja faragha ya ndani.

Sasa pita Ukunda. Maduka mengi yamefungwa wavu wa chuma toka juu hadi chini. Mnunuzi hupitisha noti kwenye kitundu, hupokea mkate wake, huenda zake. Mzee aliyechoka jua hana pa kuegemea, na akisimama sana huulizwa anangoja nini. Ukiteremka Diani, baraza utalikuta hotelini, limepakwa chokaa nyeupe, limejaa mito, na anayeliketia ni aliyelipa. Tumelichukua umbo lake tukaliacha neno lake la karibu.

Wizi upo, na mwenye duka ana haki ya kulinda jasho lake. Lakini wavu unaweza kukaa nyuma ya baraza na usiku ukafungwa kama kawaida. Kilichotuondolea baraza ni tamaa ya kuikodisha kila futi ya kiwanja, na uvivu wa kuchora duka la Kwale kama lilivyochorwa duka la mji mwingine wowote. Kinachoumiza zaidi ni kwamba vijana wengi wa ujenzi wanajua kupanga vigae vizuri, ila hawajawahi kuulizwa mtu atakaa wapi.

Unayejenga maduka leo, Msambweni, Ukunda au Vanga, toa dhiraa mbili za sakafu ya kuuzia uzijenge nje, chini ya upenu, na usizitoze kodi. Watu wakizoea kuketi kwako, watanunua kwako.