Neno "Mama" katika Hadithi ya Langston Hughes

Darasani tulipopewa zoezi la kutafsiri hadithi fupi "Thank You, M'am", tulidhani anwani yake ingekuwa kazi ya dakika moja: "Asante, Mama". Mwandishi wake ni Langston Hughes, Mmarekani Mweusi aliyefika Makerere mwaka 1962 kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika. Makala haya yanadai kwamba tafsiri hiyo nyepesi, isipotumiwa kwa uangalifu, inampa Roger mwanzoni kitu ambacho Hughes anamfanya akitafute hadi mwisho.

Hadithi ilitoka mwaka 1958, na msuko wake ni mfupi. Yapata saa tano usiku, kijana aitwaye Roger anajaribu kumpora mkoba Bi. Luella Bates Washington Jones. Mkanda unakatika, kijana anaanguka. Bi. Jones anampiga teke, anamkamata na kumburuta hadi chumbani kwake. Hamwiti polisi. Anamwamuru anawe uso, anampikia, anakula naye, kisha anampa dola 10 akanunue viatu alivyovitamani.

Baadhi ya wenzangu walisema mwanamke huyu anamtuza mwizi. Sikubaliani nao. Kabla ya chakula kuna teke, kuna kutikiswa, na kuna amri ya kuuokota mkoba. Wema wake unaanza kwa kulitaja kosa. Tena anakiri kwamba naye ujanani alifanya mambo asiyotaka kuyasimulia. Halafu anafanya jambo gumu kuliko kutoa pesa: anakwenda kupika na kuuacha mkoba kitandani, mlango ukiwa wazi. Roger anachagua kuketi mahali atakapoonekana. Nafasi ya pili anayopewa imo katika mkoba huo usiolindwa.

Hapo ndipo suala la tafsiri linapoingia. "M'am" ni neno la heshima kwa mwanamke usiyemjua, na halina undugu ndani yake. Kwa hiyo Bi. Jones anapomwambia kijana kwamba angestahili kuwa mwanawe, msomaji wa Kiingereza anashtuka. Kwetu hakuna wa kushtuka. Katika Kiswahili, na katika Kiarabu cha Juba pia, mwanamke wa umri wake huitwa mama tangu salamu ya kwanza. Kijana akikamatwa na mkoba wa mtu sokoni Konyo Konyo atalia, "Mama, nisamehe!" Neno hilo limezoeleka mno hata halimfungi anayelisema wala anayeambiwa. Tunawaita wanawake mama, na mikoba yao tunaikwapua.

Ninapendekeza mfasiri alizuie neno hilo. Katika mazungumzo yote Roger ajibu "ndiyo" na "hapana" tu, pengine na "tafadhali", na neno "mama" libaki kwenye anwani na kwenye aya ya mwisho. Najua kuna hasara: Roger wa Kiingereza ana adabu tangu mwanzo, na wetu ataonekana mkavu. Lakini hasara hiyo inalipwa mlangoni, wakati wa kuagana. Pale Roger anataka kusema jambo kubwa kuliko shukrani, na hata maneno ya anwani hayamtoki kikamilifu. Mlango unafungwa.

Kama tumemsikia akisema "mama" mara kumi, ukimya huo utakuwa haya ya kijana tu. Kama hajawahi kulisema, tutaelewa kwamba hatimaye amelijua neno hilo, na kwamba limemwia zito. Msomaji wa Juba atakapofunga kitabu, huenda naye akalisikia upya atakapoliita kesho yake njiani.