Kupima Ubora wa Kijitabu Kilichofungwa kwa Pini

Kijitabu cha pini, yaani kile ambacho karatasi zake hukunjwa katikati, hupachikwa moja ndani ya nyingine na kutobolewa kwa pini za stepla kwenye mgongo, hupimwa kwanza kwa mkunjo wake, kwa kuwa pini hushikilia tu kile ambacho mkunjo umekwisha kukiandaa. Kila karatasi ina mlalo wa nyuzi, yaani upande ambao nyuzi zake nyingi zimeelekea. Nyuzi zikienda sambamba na mgongo, mkunjo huwa laini na kurasa hutulia zikifunguliwa, lakini zikiukatiza mgongo huvunjika, na jalada zito huchanika rangi yake pale pale lilipokunjwa.

Baada ya mkunjo hutazamwa pini, ambazo hazina budi kukaa juu ya mstari wenyewe wa mkunjo, kwani pini iliyoukosa huzibana kurasa upande mmoja na kukizuia kijitabu kufunguka sawasawa. Kwa nje pini hulala bapa juu ya jalada. Kwa ndani miguu yake miwili hujikunja kuelekeana bila kupandana wala kuacha ncha inayochoma kidole. Kijitabu cha A5, chenye urefu wa milimita 210, hushikwa vyema na pini mbili zilizo umbali sawa kutoka juu na chini, na kwa kuwa stepla ya mezani kwa kawaida haifiki katikati ya karatasi ya A4, kazi hiyo huhitaji stepla ya mkono mrefu.

Ukingo wa mbele nao una ushahidi wake. Karatasi 16 zenye unene wa milimita 0.1 kila moja hutoa kurasa 64, na ile ya ndani kabisa husukumwa nje kwa takriban milimita 1.5, kwa hiyo mchapaji mahiri hukata ukingo baada ya kupiga pini, akiwa ameacha pambizo za kutosha ili maneno ya kurasa za katikati yasisogee mno ukingoni.

Hatimaye huangaliwa waya. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Zanzibar, ambako hewa ina unyevu na chumvi, pini ya chuma cha kawaida hushika kutu, ikaitia karatasi madoa na kuidhoofisha kwenye matundu, hivyo kijitabu kinachokusudiwa kudumu hustahili waya usioshika kutu, hata kama bei yake ni kubwa zaidi.